Pikipiki ya Gunga Nyale

Garsen, 3 Machi 2024

Kwa Babu Gunga, mwenye jina langu (au mimi ndiye mwenye lako, tutagombana siku nyingine),

Nimefika salama na Beryl naye amefika salama, ila mtu asikudanganye kwamba nilimwendesha. Pale Tarasaa alizima, tukapandishwa lori la mchanga, nikaingia Garsen nimeketi juu ya pikipiki yako kama bwana harusi, miguu haigusi chini. Ukiulizwa kama bado inatembea, sema inatembea. Usiseme juu ya nini.

Najua simu ingekuwa rahisi. Lakini tangu masikio yako yafunge, kukupigia wewe ni kumpigia Bibi, na Bibi akishika simu ananiita "mume wangu mdogo" mafundi wote wakisikia, wanacheka mpaka spana zinawaanguka. Basi naandika. Wewe ndiye uliyenikalisha ukanifundisha kuandika nilipowatoroka walimu darasa la saba, kwa hiyo mwandiko huu ukikuumiza macho, jilaumu.

Sasa habari za mgonjwa. Hapa gereji mimi ni namba mbili baada ya fundi mkuu, na fundi mkuu ameanza kuwa na wasiwasi. Nimemfungua Beryl mpaka mifupa. Kabureta inavuja, kama kila mwezi. Gasketi uliyokata kwenye boksi la sabuni imekuwa uji. Spoki tatu ni waya wa banda la kuku. Kila spea ninayoulizia, wauzaji nao wananiuliza kama natengeneza pikipiki au nafukua kaburi.

Halafu juzi nilitumwa Malindi kuchukua tairi, na huko, Babu, nilimwona Beryl akiwa msichana.

Sikuwa nimelewa. Tangi lile lile kama tone la maji linalotaka kudondoka. Taa ya mbele duara kama sinia. Kiti kirefu cheusi kilichoshonwa mistari. Hata rangi ni ile kijani ya jani la mgomba likiwa bado limejikunja. Lakini imetengenezwa mwaka jana. Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, inaamka, hakuna kupiga kiki mpaka goti lilie. Haikohoi. Haiachi oili chini. Ya kale ni sura tu, tumbo ni la leo.

Mwenyewe ni Bwana Rayyan, anakusanya pikipiki za zamani. Nilimwonyesha picha ya Beryl kwenye simu, akatafuta mahali pa kukaa. Anasema nimpe Beryl anipe hiyo, moja kwa moja. Yeye ana watu wa kumtengeneza, spea anaagiza ng'ambo, na subira anayo. Mimi nina spana na njaa.

Ukisema ndiyo, nitakuja nayo Golbanti kabla mto haujajaa. Nasubiri neno lako.

Gunga mdogo, ambaye ni mrefu kuliko wewe


Golbanti, 8 Machi 2024

Gunga mdogo,

Barua yako ameileta Hirbo wa maziwa. Ilikuwa inanuka moshi wa vibuyu vyake, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya harufu.

Jibu ni hapana.

Ile pikipiki Sista Beryl aliniachia mwaka wa 1976, alipofunga zahanati yake akarudi kwao. Nilikuwa nikimpeleka kuzalisha wanawake Hewani na Chara, na maji yakizidi tuliipakia pikipiki kwenye mtumbwi tukaendelea. Siku ya kuondoka alinipeleka kwa karani, kadi ikaandikwa Gunga Nyale. Nilipopata mtoto nikamwita Nyale, jina la baba yangu, naye hakutaka kunuka petroli, akakimbilia bandari ya Mombasa. Alipokupata wewe akakupa langu, kama tunavyofanya watu wetu, ukawa Gunga Nyale mwanzo na mwisho. Nikasema, haya, nimerudi, pikipiki imepata mtu. Kwa hiyo usiniletee habari za msichana wa Malindi.

Kaza kabureta. Sailensa usiiguse, asije akanyamaza. Nina sababu yangu, na si kila sababu lazima iandikwe.

Bibi yako Mbodze amesimama hapa mlangoni ananionyesha kwa mikono niandike hivi: mwambie mume wangu mdogo, miaka arobaini na minane naishi na mke mwenza wa chuma, nimemzoea. Akimleta mwingine, asiwe na jina la mzungu.

Mto umebadilika rangi. Mrudishe Beryl kabla ya katikati ya Aprili.

Gunga Nyale


Garsen, 28 Machi 2024

Babu, somo yangu,

Kuhusu Beryl ondoa shaka. Yuko mahali pakavu, amefunikwa shuka safi, anapanguswa kuliko alivyowahi kupanguswa maisha yake yote. Wewe ulikuwa unampangusa kwa fulana yangu ya shule.

Nikupe habari nyingine. Kuna rafiki ameniazima pikipiki, aina ile ile niliyokwambia, na asubuhi moja niliitoa kwenda Minjila kabla jua halijaamua kama linatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde lote, mweupe, umefika kiunoni mwa ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe walikuwa nusu tu, wanaelea. Barabara nayo ilikuwa inaelea. Nilikuwa naona taa yangu imefanya shimo la dhahabu mbele, nami naingia ndani yake, naingia, shimo haliishi.

Na kimya, Babu. Injini ilikuwa inanong'ona kama mtu anayehesabu peke yake. Nikasikia yangeyange wakiruka. Nikasikia maji mtaroni. Nikajisikia mimi mwenyewe nikiimba, kumbe nilikuwa naimba tangu Garsen na sikujua. Unajua mimi na Beryl tunavyokwenda: sikio moja kwenye mnyororo, moja kwenye pistoni, moyo unangoja kitakachokatika. Siku ile hakikuwepo cha kungoja. Nilifika Minjila nikageuza nikarudi, kisha nikaenda tena, kwa vile tu njia ilikuwepo.

Mafundi wanasema nimeanza kutabasamu ovyo. Nimewaambia ni uzuri wa kuzaliwa.

Hukuniambia ile sababu yako ni gani.

Gunga mdogo


Golbanti, 11 Aprili 2024

Gunga mdogo,

Umeniandikia ukurasa mzima wa ukungu na mstari mmoja wa Beryl. Mimi nimefundisha watoto kusoma, najua mtu anapojaza karatasi.

Umeuliza sababu. Sikiliza, wewe unayeweza. Tangu masikio yangu yavuje usaha ule mwaka wa homa, miaka sita sasa, dunia imekuwa kama niko chini ya maji nanyi mko juu. Watu wanafungua vinywa kama samaki. Kanisani najua ngoma inapigwa kwa kuwa naona mikono. Lakini nikiweka kiganja juu ya tangi la Beryl akiwa anakohoa, sauti inapanda mkononi, inapita kwenye kiwiko, inaingia kifuani, nasikia. Sisemi nahisi. Nasikia. Na ndani ya sauti ile zimo nyingine: Sista anaimba nyuma ya mgongo wangu, mtoto wa Chara analia kwa mara yake ya kwanza, bibi yako ananitukana kwa kuchelewa. Kila mwisho wa mwezi ukija kumtengeneza, ukimwasha, mimi husimama pale nimeshika tangi. Wewe hudhani nakagua kazi yako.

Pale aliposimama bandani limebaki doa la oili. Kuku mmoja ameanza kutaga hapo, nimemwacha.

Jana mchana nilisinzia kwenye kiti. Nikamwona Beryl anakuja juu ya mto bila mtu, haachi hata mkunjo mmoja nyuma yake, viboko wakamfanyia nafasi. Alipofika nikanyoosha mkono. Tangi lilikuwa baridi.

Mlete. Muwashe mara moja tu nimshike, kisha maji na yaje.

Gunga Nyale


Garsen, 13 Aprili 2024

Babu,

Barua yako niliisomea nyuma ya gereji nikiwapa watu mgongo. Nilijua siku moja nitaandika hii yangu, ila nilikuwa naipanga iwe ya kuchekesha.

Beryl hayuko kwangu. Tarehe ishirini na moja Machi nilimpeleka kwa Bwana Rayyan, tukabadilishana. Ile pikipiki ya rafiki, rafiki ni mimi.

Ilikuwa rahisi mno, ndilo linaloniuma. Kadi inasema Gunga Nyale. Kitambulisho changu kinasema Gunga Nyale. Akaangalia kadi, akaangalia kitambulisho, akasema, "Sawa kabisa, Bwana Gunga." Hakuuliza ilikuwaje nikaandikishwa pikipiki miaka ishirini na saba kabla sijazaliwa. Nikatia saini, na hata saini ni yako, si niliiga kwako nikiwa mdogo. Njia nzima ya kurudi nilijiambia sikuiba, jina ni moja, babu na mjukuu ni mtu mmoja aliyekuja mara mbili. Nilijiambia kutoka Malindi mpaka Garsen. Mtu ambaye hakuiba hawezi kuongea hivyo kilomita zote hizo.

Nilipomaliza kukusoma, jana, niliwasha nikaenda Malindi kumwomba tuvunje biashara. Alinipeleka chumba cha nyuma. Babu, amemfungua kabisa. Yuko juu ya shuka nyeupe, vipande zaidi ya mia, kila kimoja kimefungwa kikaratasi chenye namba. Spoki zako za banda la kuku amezipa namba pia. Anasema mwaka mmoja, labda na nusu, ndipo atapumua tena. Hakuna Beryl wa kurudisha. Nililiomba tangi, nikaliwekea kiganja kama ulivyosema.

Lilikuwa baridi.

Nitukane. Mtume Bibi anitukane kwa simu mbele ya gereji nzima, nitaweka sauti ya juu. Ila usininyamazie.

Gunga


Golbanti, 13 Aprili 2024

Gunga mdogo,

Naandika kabla hujanijibu, kwa kuwa Hirbo anasema huenda hii ndiyo safari yake ya mwisho mpaka maji yapungue. Barua yangu ya juzi ichane. Ilikuwa ya mzee anayejihurumia, tena nilificha jambo.

Kabureta ya Beryl haivuji. Kuna nati ndogo ya shaba chini yake. Huwa naifungua mimi. Robo mzunguko, kila tarehe ishirini na tano, kwa spana ya Sista. Mwisho wa mwezi unakuja, unakuta petroli chini, unamtukana mtengenezaji na ukoo wake, unalala siku mbili, bibi yako anapika samaki wa nazi, nami nashika tangi. Januari ulisema huna nafasi, na Februari nikaogopa utasema vile vile. Basi nikafungua sana, ndipo ukambeba mzima mzima ukaenda naye Garsen. Nimejipiga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mbodze amejua siku zote. Leo alikuwa anachekecha unga. Akaweka ungo mapajani pangu, akaandika juu ya unga kwa kidole: PIKIPIKI AU MTOTO. Kisha akanitazama kama anavyomtazama mtu anayemwuzia samaki wa jana. Jibu nililiandika hapo hapo, na halikuwa pikipiki.

Badilishana na huyo bwana. Mimi ndiye mwenye kadi, nimeruhusu. Yeye atamtunza Beryl vizuri kuliko sisi tuliomtunza kwa kumharibu. Chukua msichana wako wa Malindi uje naye. Hata nisiposikia kitu.

Maji yamefika kwenye mgomba wa pili. Hirbo ananionyesha jua, nifunge.

Gunga Nyale


Garsen, 9 Mei 2024

Babu,

Umesikia, samahani, umeona yaliyompata Hirbo? Barua yako alikuwa ameshaibeba. Yangu aliipokea kwa Elvis wa mtumbwi, pale kwenye tuta wanapokutana kubadilishana mizigo, na kabla hajageuka maji yakafunga pande zote mbili. Siku ishirini na tatu alikaa kwenye kile kisiwa na ndama wawili na mbuzi wasio wake, watu wa mashua wakimrushia unga. Barua zetu alizitia ndani ya mkebe mmoja mtupu wa maziwa, akafunika. Nimezifikiria sana. Zimelala pamoja gizani wiki zote zile, mkebe unatikisika, maji yanapiga tuta, yangu inakiri, yako inakiri. Nadhani zilisameheana kabla yetu. Hii yako ilipofika ilikuwa imelainika kama kitambaa.

Sasa niseme na mimi. Ile nati niliijua.

Mimi ni namba mbili, Babu, huwezi kunichezea na kabureta. Nati haifunguki yenyewe robo mzunguko ule ule, mwezi baada ya mwezi, na kuacha alama ya spana ya Kiingereza ambayo Golbanti nzima iko moja. Nilijua tangu mwaka juzi. Ningeweza kuifunga kwa waya isifunguke tena, kazi ya dakika mbili. Sikufunga. Nilikuwa namtukana mtengenezaji kwa sauti, huku najua hunisikii, ili Bibi asikie aweke nazi jikoni.

Basi kwa nini nikabadilishana? Nilidhani pikipiki isiyozima ingenileta kila Jumamosi badala ya kila mwezi. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba sikukuuliza mara ya pili, nikauliza kadi.

Njia ya Tarasaa imeanza kuonyesha mgongo. Jumamosi nakuja, maji yakitaka, yasitake. Niwekeeni nazi.

Gunga mdogo


Golbanti, 20 Mei 2024

Gunga mdogo,

Umeondoka wiki moja na siku kadhaa na tope la magurudumu yako bado liko uani, bibi yako hataki lifagiliwe. Naandika kwa sababu kuna jambo lilitokea ukiwa hapa na hukuliona, ingawa ulikuwa umekaa mbele yangu.

Ulipoizima pikipiki nikakwambia kwa mkono, washa tena, ukawasha. Uliniona nikiweka kiganja kwenye tangi. Ni zuri, nakubali, nusura niliite Beryl. Nikangoja. Hakikupanda kitu mkononi. Palikuwa na mtetemo mdogo kama paka aliyeshiba, ukafika kwenye kifundo ukalala hapo. Nikatabasamu, nawe ukaniamini, na hilo lilinipa huzuni kidogo.

Mbodze aliizunguka mara tatu. Ulimsikia mwenyewe, mimi nilimsoma midomo: "Uso wa Beryl na adabu ya kwetu. Hii ni Mbodze." Sasa miaka yote iliyobaki nitapanda jina la mke wangu na yeye atakuwa mke mwenza wa nafsi yake, hajui amgombeze nani.

Halafu ukanipandisha nyuma. Katika maisha yangu sijawahi kukaa nyuma ya pikipiki. Sikujua mikono huwekwa wapi. Njia ilikuwa laini, ukaenda polepole, maji yamesimama mashambani pande zote mbili, mbingu chini na mbingu juu, sisi katikati kwenye uzi wa udongo. Nikaona mpunga uliokufa umelala chini ya maji kama nywele zilizochanwa. Nikadhani nimesinzia tena kwenye kiti.

Pale kwenye shimo la kwanza ulipiga breki, kichwa changu kikaangukia mgongo wako. Shavu, mfupa wa nyuma ya sikio, vyote vikabanwa kwenye shati lako.

Na nikakusikia.

Ulikuwa unasema kwamba fundi mkuu amekuomba ushauri kuhusu klachi. Ulikuwa unasema kuna msichana anaitwa Lorna anauza vitambaa, eti anakupita mara nne kwa siku bila sababu. Uongo mtupu, na kila neno lilikuja wazi, limetoka mgongoni mwako likaingia kichwani mwangu kama maji yanavyoingia mtungini. Mara ya mwisho kuisikia sauti yako ulikuwa na miaka kumi na tano, ilikuwa bado inavunjika, nusu mtoto nusu chura. Sikuwa najua imeshuka. Ni nzito, ina mkwaruzo mwishoni. Ni ya baba yangu Nyale, aliyekufa kabla hujazaliwa, hukumjua. Nilikaa na watu wawili kwenye mgongo mmoja.

Beryl asingenipa hilo. Namshukuru kwa yote, lakini yeye alikuwa anasema kwa niaba ya kila mtu, na wewe ulikuwa chini ya kelele yake miaka sita, nami nimeshika tangi, nakutafuta mahali usipokuwepo.

Ulipotaka kugeuza nilikugusa bega nikakuonyesha mbele, twende mpaka daraja la pili. Ulidhani napenda kuona maji. Ukaanza kuimba. Nilifumba macho.

Kadi ya Mbodze niliiona kwenye mfuko wa kiti. Umeandikisha Gunga Nyale. Basi ni yangu, sina haja ya kumwuliza karani, na kama mwenye mali nakupa amri: kila Jumamosi, hata kama hakuna kilicholegea.

Unaimba vibaya sana. Usiache.

Gunga Nyale